Asili si Mali

Miongoni mwa maneno ambayo lugha yetu imeyaunda kwa kuunganisha mawili yakawa moja, hapana lililotudanganya kwa upole kama neno maliasili. Limefanywa kwa mali na asili, nasi tumezoea kuyatamka yote mawili kwa pumzi moja pasipo kujiuliza kama kweli yamekwisha kuoana. Asili ni kile tulichokikuta: mlima, mto, udongo, jiwe, jua na mvua. Mali ni kile ambacho mwenyewe aweza kukitaja, kukihesabu, kukitumia na kukirithisha. Baina ya viwili hivi pana safari ya maarifa, sheria, kazi na insafu, na mataifa mengi yameishia njiani. Insha hii yakusudia kushindana na makundi mawili ya watu ambao, kila kundi kwa namna yake, wameifuta safari hiyo katika fikira zao.

Kundi la kwanza ni la wanaoilaumu ramani. Hao ni wa zamani sana. Mfaransa Montesquieu aliandika mwaka 1748 kwamba joto la nchi huulegeza moyo wa mwanadamu, na Mmarekani Ellsworth Huntington akarudia hoja ya namna hiyo mwaka 1915 kwa kuchora ramani za hali ya hewa na ustaarabu. Warithi wao wa leo ni waungwana zaidi. Hawatutukani, hutuhesabia. Hutuambia kwamba bara la Afrika lina pwani iliyonyooka yenye bandari chache za asili, kwamba mito yake huanguka kwa maporomoko kabla ya kufika baharini, kwamba nchi zake nyingi zimefungiwa ndani mbali na bahari, na kwamba mbu na mbung'o wamekula nguvu za watu na mifugo. Mengi ya hayo ni kweli. Kosa lao si hesabu. Kosa lao ni hukumu.

Kundi la pili ni la wanaoisifu ramani. Hawa tunao majukwaani, madarasani na hata katika majarida kama hili. Wasema Afrika ni tajiri: ina dhahabu, ina almasi, ina kobalti, ina mito mikubwa, ina jua mwaka mzima, na wakisha kuorodhesha huketi wakapigiwa makofi. Makundi haya mawili huonekana kuwa mahasimu, lakini kwa siri wanapeana mikono. Mmoja asema nchi imetufanya maskini, mwingine asema nchi imetufanya matajiri, na wote wamekubaliana kwamba mtendaji ni nchi. Mwanadamu, pamoja na daftari lake, sheria yake na jembe lake, wamemwacha nje ya mlango.

Twende mahali pamoja panapoweza kuwahukumu wote wawili. Kata ya Nduruma iko katika tambarare ya kusini-mashariki ya jiji la Arusha, chini ya mlima Meru. Mto unaoitwa kwa jina hilohilo huzaliwa katika miteremko ya mlima, hupita katika mashamba ya kahawa na migomba, huteremka kwenye mashamba makubwa ya kati, kisha huingia tambarare na kuungana na maji ya Kikuletwa. Kutoka kilele chenye zaidi ya mita 4,500 mpaka tambarare hapafiki kilomita 40 kwa mstari ulionyooka. Katika masafa mafupi kama hayo, mteremko wa juu hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na tambarare hupata kama nusu yake au pungufu. Juu ni kijani, chini ni vumbi. Msemaji wa kundi la kwanza angefurahi kuyaona hayo na kusema: tazameni, ramani imeamua.

Lakini hebu atazame tena. Katika tambarare hiyohiyo yenye vumbi, tangu miaka ya mwisho ya 1980, yameota mashamba ya maua. Waridi hukua ndani ya vitalu nyumba, hunyweshwa kwa matone, hukatwa alfajiri, huhifadhiwa katika vyumba vya baridi na kusafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya. Nje ya ua wa shamba la namna hiyo mkulima wa mahindi hungoja zamu yake ya mfereji, na katika miezi ya kiangazi huja zamu isiyo na maji. Jua ni lilelile, udongo ni uleule, mvua isiyonyesha ni ileile isiyonyesha pande zote mbili za ua. Ikiwa jiografia ndiyo mwamuzi, basi mwamuzi huyu ametoa hukumu mbili katika kesi moja. Tofauti yao si ramani. Mmoja ana mtaji, kisima kirefu, kibali kilichoandikwa na soko linalomngoja. Mwingine ana haki ya mazoea aliyorithi kwa babu yake, ambayo haikuandikwa popote.

Na hata huyu mwenye waridi asidhaniwe kuwa ndiye mshindi wa mwisho. Soko kubwa la maua duniani liko Aalsmeer, katika nchi ya Uholanzi, ambayo kama robo yake iko chini ya usawa wa bahari na jua lake wakati wa baridi ni kama la kuazima. Ua lililooteshwa kwa jua la bure la Arusha hupangiwa bei mahali ambapo jua hununuliwa kwa umeme. Tena kwa miaka mingi sehemu kubwa ya maua na mboga za Arusha imevuka mpaka wa Namanga kwa magari ili ikapande ndege Nairobi, ingawa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro uko jirani tangu mwaka 1971. Je, hilo nalo ni kosa la mlima Meru? Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Hawakusema miti ndiyo iliyowafukuza wajenzi.

Sasa tutazame maji yenyewe, maana hapa ndipo asili ilipo ngumu kweli, na mwenye kubishana kwa haki hapaswi kuruka mahali pagumu. Meru ni mlima wa volkano. Majivu yake ndiyo yaliyotoa udongo uliolisha Wameru na Waarusha kwa vizazi vingi. Majivu hayohayo na miamba yake ndiyo iliyotia floridi katika chemchemi na mito. Mlima umetoa kwa mkono mmoja rutuba, na kwa mkono mwingine sumu ya polepole. Floridi inapozidi hutia meno ya mtoto rangi ya kahawia isiyofutika, na ikizidi sana kwa miaka mingi hupinda mifupa. Shirika la Afya Duniani lashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Upande wa Ngarenanyuki maji yamepimwa na kukutwa na zaidi ya miligramu 10. Hapa, atasema mlaumu ramani, hamna la kujibu.

Tunalo. Mwaka 1974 Tanzania, kwa kukosa maji mengine, iliruhusu kwa muda miligramu 8 katika maji ya vijijini. Muda huo ukarefuka. Baadaye kipimo kikateremshwa kikawa 4, na baada ya miaka mingi kikafika 1.5. Katika miaka hiyo yote mlima haukubadili tabia yake hata siku moja. Kilichobadilika ni tarakimu katika karatasi, yaani kiasi cha madhara ambacho serikali na watu wake walikubali kukivumilia. Kizazi kizima kilikua na meno yaliyoungua chini ya kipimo kilichoitwa cha muda. Na dawa haikuwa mbali. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, chini ya mlima huohuo, wataalamu walionyesha kwamba mifupa ya ng'ombe ikichomwa ipasavyo hunasa floridi na kuyaacha maji yakinyweka. Mkoa wa Arusha ni nchi ya ng'ombe. Hakuna msifu ramani hata mmoja aliyewahi kuitaja mifupa katika orodha ya utajiri wa Afrika, ilhali mifupa hiyo, ikishikwa na maarifa, ina faida kwa mtoto wa Ngarenanyuki kuliko jiwe lolote la thamani. Kadhalika mradi mkubwa wa maji wa jiji la Arusha, uliogharimu shilingi bilioni 520 kwa msaada wa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulikusudiwa kuongeza maji na kuyafanya yawe salama. Fedha zilipopatikana, jiografia ilikubali kuzungumza.

Wengine watasema kwamba nimechagua mambo ya jana na leo, na kwamba umaskini wa tambarare ni wa tangu zamani. Basi na turudi zamani. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waligawa mashamba makubwa kwa walowezi katika mkanda wa chini wa mlima, na juu wakaweka mpaka wa msitu wa hifadhi. Wenyeji wakabanwa katikati, juu msitu na chini mashamba ya wageni. Msongamano wa watu katika miteremko ya Meru, ambao vitabu huueleza kana kwamba umeletwa na mvua nzuri, ulisukwa pia kwa hati za ardhi. Kisha mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao ifanywe mashamba ya ng'ombe ya Wazungu. Nyumba zikachomwa, mifugo ikaswagwa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa kule New York kuwasemea watu wake. Dunia ikasikiliza, lakini ardhi haikurudi mwaka huo.

Nauliza: udongo wa Engare Nanyuki ulipoteza rutuba usiku ule? Mvua ilihama pamoja na waliohamishwa? Asili ilibaki palepale ilipokuwa, nayo ilikuwa mali ya mmoja jioni na mali ya mwingine asubuhi. Mwandishi wa jiografia aliyepita mwaka 1950 na tena mwaka 1953 angechora ramani moja. Lakini mwenye nyumba aliyepita mara hizo mbili angeona dunia mbili. Mali haikai katika ardhi kama maji yanavyokaa katika nazi. Hukaa katika agano la watu juu ya ardhi, na agano likivunjwa kwa bunduki, mali hufuata bunduki.

Baada ya kumjibu mlaumu ramani kwa maji na ardhi, tumjibu msifu ramani kwa jiwe. Kusini ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, si mbali na tambarare ya Nduruma, viko vilima vya Mererani. Hapo, na hapo tu katika dunia yote inayojulikana, huchimbwa jiwe la buluu lililogunduliwa mwaka 1967. Ikiwa kuna mahali ambapo ramani imetoa upendeleo usio na mfano, ni hapo. Hakuna mshindani, hakuna nchi ya pili. Lakini hata jina lake halikutoka vinywani mwetu: kampuni ya Tiffany ya New York ndiyo iliyoliita tanzanite mwaka 1968, na sisi tukalipokea jina la nchi yetu likirudi kutoka dukani. Kwa miaka mingi mawe mengi yalikatwa na kung'arishwa Jaipur, katika nchi ya India, mji usio na shimo hata moja la jiwe hilo. Jaipur ina vidole vilivyofundishwa. Mererani ilikuwa na mashimo.

Ukuta wa kilomita 24.5 ulijengwa kuyazunguka machimbo hayo na ukazinduliwa mwaka 2018, miaka 51 baada ya ugunduzi. Mwaka 2020 mchimbaji mdogo, Saniniu Laizer, alipata mawe mawili makubwa, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.103, na serikali ikamlipa shilingi bilioni 7.74. Wala sikebehi ukuta huo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ukuta ni namna ya daftari. Lakini ukuta hulinda jiwe, haulikati. Vijana wanaofundishwa kukata vito katika Kituo cha Jemolojia hapo Arusha ni ngome bora kuliko ukuta, na ningependa kuona taifa likiwahesabu wao kwa fahari ileile linayozihesabia kilomita za saruji.

Mwaka huohuo wa 1967 jiwe lilipogunduliwa, ndipo lilipotolewa Azimio la Arusha. Mtu aweza kuhitilafiana nalo kwa mengi, lakini katika jambo hili lilikuwa na macho kuliko wasemaji wetu wa sasa. Lilitaja vitu vinne kuwa ndivyo vihitajiwavyo kwa maendeleo: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Ardhi ni kimoja tu katika vinne, na madini hayakupewa kiti cha peke yake. Sisi wa leo tumeigeuza hesabu hiyo. Tumevifanya vitatu kuwa mapambo na kimoja kuwa tumaini.

Ushahidi wa nje wasema vivyo hivyo. Botswana ilipopata uhuru mwaka 1966 ilikuwa nchi kavu, isiyo na bahari, miongoni mwa zilizo maskini kabisa. Almasi zilipopatikana Orapa mwaka uliofuata, ilishika daftari, ikajadiliana upya na wachimbaji na ikatumia sehemu kubwa ya pato kwa barabara, shule na zahanati. Kongo ina bahari, ina mto mkubwa kuliko yote ya Afrika kwa wingi wa maji, ina shaba na kobalti. Lakini raia wake wa mashariki hukimbia vita palepale penye utajiri. Uswisi haina bahari wala almasi. Ujerumani haina mti hata mmoja wa kahawa shambani, nayo huuzia mataifa mengine kahawa iliyokaangwa, ilhali mkulima wa miteremko ya Meru huuza punje na kununua unga. Simaanishi kwamba bahari haina faida; gharama ya njia ndefu ni gharama, na malaria ni malaria. Nasema kwamba haya ni mizigo, nayo mizigo hutofautiana na minyororo.

Hata maporomoko ya mito tuliyoambiwa kuwa ni balaa yatatoa ushahidi. Maji ya Nduruma, yakisha kuingia Kikuletwa, hufika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto Pangani, kisha bahari ya Hindi. Pangani haupitiki kwa meli kwa sababu ya maporomoko yake. Maporomoko hayo ndiyo yanayozungusha mitambo ya umeme ya Hale, iliyowashwa mwaka 1964, na ile ya Pangani mpya ya mwaka 1995. Kizuizi cha nahodha ni riziki ya fundi umeme. Na hapohapo pana somo lingine: tone linalonyweshwa mahindi Nduruma halitazungusha mtambo Hale. Jiji lataka kunywa, waridi lataka kunywa, migomba ya juu yataka kunywa, na taa za mbali zadai sehemu yao. Hakuna mvua itakayoamua ugomvi huo. Utaamuliwa na watu, ama kwa haki, ama kwa nguvu ya mwenye pampu.

Wala sisemi kwamba haki hiyo ni ndoto. Wakulima wa mifereji ya Nduruma, pasipo kusubiri wataalamu, wamewahi kujiwekea zamu baina ya walio juu, walio kati na walio chini, ili wa juu wafunge na maji yateremke. Ni utaratibu wenye kasoro na ugomvi, ambao wenye nguvu huuvunja na wanyonge huulilia. Lakini ni kazi ya akili iliyo kubwa kuliko hotuba zote za utajiri wa Afrika nilizowahi kuzisikia. Sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 imeweka vibali na bodi za mabonde. Ni vema. Ila kibali kilichofungiwa kabatini humfaa anayejua njia ya kabatini. Nadai, basi, jambo dogo: kiasi cha maji alichoruhusiwa kila mwenye kibali katika mto Nduruma kibandikwe katika ofisi ya kata, kwa Kiswahili na kwa tarakimu, pamoja na kiasi kilichopimwa mtoni katika mwezi wa ukame. Kadhalika kila kisima na kila bomba liandikwe kiasi cha floridi kilichomo, ili mama anayechota ajue anachochota. Asiyetaka hesabu hizi zisomwe hadharani atwambie sababu yake hadharani.

Kwetu sisi tunaofundisha lugha, deni ni letu pia. Mwanafunzi aletapo insha inayoanza kwa kusema Afrika ni tajiri wa maliasili, tusimpe alama kwa ufasaha wake kabla ya kumwuliza: asili gani, imekuwa mali ya nani, kwa sheria ipi, na imemwacha nani na ndoo tupu? Na yule anayeandika kwamba Afrika ni maskini kwa sababu ya ukame na umbali wa bahari, tumtume Nduruma akatazame pande mbili za ua mmoja.

Mlima Meru hautashuka kuja kutugawia. Ulikwisha toa ulichokuwa nacho, kizuri na kibaya pamoja, kabla hatujafika. Yaliyobaki yote ni madaraka yetu, na mwaka wowote tutakaoyaacha yashikwe na wengine, tusije tukaandika katika vitabu vya watoto kwamba ilikuwa amri ya ramani.